Lawama za Rashta, na nyingine zilizobisha mlango usio wao

Saa sita usiku mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, analalamika utadhani aliyeporwa mume ni yeye. Alikuwa ameanza The Remarried Empress, webtuni (katuni ya mtandaoni) ya Korea, na jina lilikuwa moja tu mdomoni: Rashta. Hapo tumepita wengi tunaosoma hizi katuni za mapenzi na falme za kubuni. Tunalaumu kwa nguvu, na mara nyingi tunamlaumu asiyehusika.

Dhana: Rashta ndiye aliyevunja ndoa ya Navier.

Tazama kisa chenyewe. Mfalme Sovieshu yuko mawindoni, anamkuta binti aliyenaswa mguu mtegoni. Ni mtumwa aliyetoroka. Anampeleka ikulu, anamfanya suria wake. Binti anaposhika mimba, Sovieshu anapanga kumtaliki malkia wake Navier, amtawaze Rashta kwa mwaka mmoja ili mtoto azaliwe ndani ya ndoa, halafu amrudie mkewe. Navier hajaulizwa neno. Sikatai, Rashta si malaika: kuna barua ambazo Navier aliandika kwa siri, na yeye anadai ni zake. Lakini suria hana mamlaka ya kumpa malkia talaka. Aliyeitoa ni mume.

Dhana: Sovieshu angemrithisha tu mtoto wa suria, talaka ya nini?

Hili nimelisikia kwa wasomaji wa Pwani, na naona linatokana na neno lenyewe. Suria kwetu ana historia yake. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, aliyeshika kiti Unguja alikuwa Majid, mtoto wa suria, na Barghash aliyemfuata Majid naye alizaliwa na suria. Hakuna mke aliyeachwa ili wao wawe watoto halali. Dola ya Navier imeazima desturi za Ulaya: mke wa ndoa ni mmoja, na mtoto wa nje ya ndoa harithi taji. Kwa hiyo tunalisoma kwa neno letu, lakini sheria iliyo nyuma ya neno si yetu. Ukilikosa hilo, mpango mzima wa Sovieshu unaonekana upuuzi mtupu. (Ni upuuzi bado, ila wa aina nyingine.)

Dhana: Navier hana moyo.

Amelelewa tangu utotoni awe malkia, na malkia halii mbele za watu. Mahakamani anasema amekubali talaka, kisha hapo hapo anaomba ruhusa ya kuolewa tena, na bwana harusi mtarajiwa yumo humo humo ukumbini. Eda hakuna! Shangazi zangu wangezimia. Uso wake umetulia tuli, na utulivu huo ndio unaoniambia moyo uko wapi.

Dhana: mchoraji kaiharibu hadithi.

Webtuni nyingi za aina hii zilianza kama riwaya za mtandaoni. Hii iliandikwa na Alphatart, picha ni za Sumpul. Mchoraji hapangi nani aolewe na nani. Hata ule mwendo wa kinyonga tunaoulalamikia una sababu: ukurasa mmoja wa mazungumzo kwenye riwaya ukigeuzwa picha unaweza kumeza sehemu nzima ya wiki.

Dhana: mchoraji anayepumzika katikati ya msimu ni mvivu.

Sehemu moja ya wiki huweza kuwa na picha 60 hadi 70, zote za rangi. Zihesabu siku moja unapoteremsha kidole, kisha kumbuka kwamba Jumatano ijayo zinatakiwa nyingine. Julai 2022 alifariki Jang Sung-rak, mchoraji wa webtuni ya Solo Leveling, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 37. Studio yake ilisema alikuwa na maradhi ya tangu awali, lakini Korea nzima ilijadili mzigo wa kazi za wachoraji. Tangu hapo tangazo la mapumziko nalipokea kimya.

Dhana: zote ni hadithi moja, msichana anafufuka basi.

Wakorea wanatenganisha: hoegwi ni kurudi nyuma ndani ya maisha yako mwenyewe, bingui ni kuingia mwili wa mtu mwingine, mara nyingi mhusika wa kitabu ulichokisoma, hwansaeng ni kuzaliwa upya. Wa hoegwi anajua yajayo kwa sababu aliyaishi. Wa bingui anajua tu alichoandikiwa, na kitabu kilimsimulia upande mmoja. Ndiyo maana anakosea, na sisi tunamwita mjinga.

Dhana: sehemu za kuudhi ni mwandishi kuishiwa.

Zimepangwa. Wakorea huziita goguma, yaani kiazi kitamu: kile kikavu cha kuchemsha, unakila bila chai kinakukaba kooni. Mambo yakinyooka wanaita saida, kwa jina la soda yao, kwa sababu kooni panafunguka. Angalia ujanja wa The Remarried Empress: ile talaka ya mahakamani inafungua hadithi, umenyweshwa soda mlangoni, halafu unarudishwa nyuma kulishwa viazi sehemu baada ya sehemu mpaka ufike tena mahakamani. Mdogo wangu yuko katikati ya gunia. Jana kanunua sarafu za kulipia sehemu zilizofungwa, kafungua sehemu tatu za mbele kwa mpigo, kakuta viazi.