Kuhamisha Mchoro wa Darizi: Alama Iongoze Sindano, Kisha Itoweke

Kitambaa cha mezani, cheupe, chenye majani ya mzabibu yaliyodariziwa kuzunguka pembe zote nne, kililetwa kwenye karakana yetu ya mafunzo kikiwa kimekamilika, na aliyekidarizi hakuwa na kosa la kuonyeshwa katika mshono hata mmoja. Hata hivyo, kando ya kila jani ulipita mstari mwembamba wa kahawia, kama kutu, ambao maji hayakuutoa wala sabuni haikuutoa. Alikuwa amechora kwa kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, na alipomaliza kudarizi alikipiga pasi kwanza ili kinyooke, ndipo akakifua. Joto la pasi lilikuwa limekwisha kuugandisha wino ndani ya nyuzi.

Kwa sababu hiyo, tunapofundisha kuhamisha mchoro, swali tunalolitanguliza ni jinsi alama itakavyoondoka, au itakavyofunikwa, kabla ya kuuliza jinsi itakavyochorwa. Jibu hupatikana kwa kipande kidogo kilichokatwa kwenye kitambaa kile kile cha kazi. Kichoreni, kidarizini kidogo, kiacheni siku chache, kifueni na kukipiga pasi kama mtakavyoifanyia kazi yenyewe. Jaribio la kuchora na kufuta papo hapo halitoshi, kwa kuwa wino uliokaa mwezi mzima kwenye pamba hauna tabia ya wino uliokaa dakika tano.

Kitambaa chenyewe kiandaliwe mapema. Pamba na kitani husinyaa zikifuliwa, na mchoro uliodariziwa kwenye kitambaa ambacho hakijawahi kuona maji utakunjamana katika ufuaji wa kwanza. Kwa hiyo kifuliwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya yote. Kisha tafuteni mtande na mshindio, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu na zile zinazozikata, mkunje kitambaa mara mbili kwa kuzifuata, na mpige bandi, yaani mishono ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti juu ya mikunjo hiyo ili katikati ijulikane. Mchoro uliowekwa kwa kukadiria kwa macho huonekana umenyooka mezani, lakini ukitundikwa ukutani kupinda kwake kote huonekana.

Kwa kitambaa chepesi cha rangi ya mwanga, njia iliyo rahisi kuliko zote ni mwanga wenyewe. Mchoro uliokolezwa kwa wino mweusi hubandikwa kwenye kioo cha dirisha wakati wa mchana, kitambaa kikabandikwa juu yake, na mistari ikafuatishwa kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Penseli laini tunaikataza, kwani unga wake hunaswa na uzi unaopita juu yake, na uzi mweupe huishia kuwa wa kijivu.

Kitambaa kizito kisichopitisha mwanga huhitaji karatasi ya kaboni, nayo iwe ile ya washonaji. Kaboni ya ofisini ina mafuta, huchafua kila inapoguswa na mkono, na doa lake ni gumu kutoka. Lazeni kitambaa juu ya meza ngumu, upande wa rangi wa karatasi ukitazama chini, mchoro juu yake, kisha bandikeni ukingo mmoja tu wa mchoro kwa utepe wa gundi. Ukingo wa pili ukiwa huru, mnaweza kuinua pembe na kutazama kama mstari umeshika bila mchoro kuhama. Kalamu iliyokwisha wino hufaa sana kwa kukandamizia, kwa kuwa ncha yake ya mviringo haichani karatasi. Kiganja kisiegemee mchoro, maana kila mahali kinapoegemea hubaki kivuli cha rangi.

Kalamu maalumu za vitambaa ndizo zinazopendwa sana siku hizi, na ndizo zinazoleta malalamiko mengi. Ile ya buluu hutoka kwa maji baridi matupu yanayokipenya kitambaa chote. Kulowesha alama peke yake huusukuma wino pembeni, nao hurudi kitambaa kikikauka. Ile ya zambarau hupotea yenyewe hewani, pengine kwa saa chache tu, hivyo haifai kwa kazi ya wiki kadhaa. Ile inayofutika kwa joto la pasi inaweza kujitokeza tena kitambaa kikipatwa na baridi kali, kwa sababu wino wake hupoteza rangi bila kuondoka. Kwa kazi itakayorithiwa, binafsi siishauri.

Njia ya kale ya vitundu bado ina nafasi yake. Vitabu vya vielelezo vya darizi vilipoanza kuchapishwa Ujerumani katika miaka ya 1520, watu walitoboa kurasa zenyewe kwa sindano, na baadhi ya nakala zilizosalia zina matundu hayo hadi leo. Karatasi hutobolewa kufuata mistari, kila tundu likiachana na jingine kwa milimita 1 au 2, kisha unga wa chaki, au wa mkaa laini kwa kitambaa cheupe, hupitishwa kwa kugonga-gonga na kifundo cha kitambaa. Karatasi huinuliwa wima, bila kuburutwa, na nukta huunganishwa mara moja. Karatasi moja huweza kurudia ua lile lile mara nyingi bila kubadilika.

Mahameli na sufu zenye manyoya hazishiki mstari wowote vizuri. Hapo mchoro huchorwa kwenye karatasi nyembamba, ikashikizwa juu ya kitambaa, na mistari ikapigwa bandi ya mishono midogo kabla ya karatasi kuchanwa taratibu. Karatasi za kupiga pasi, ambazo mchoro wake huhamia kitambaani kwa joto, nazo zipo. Kumbukeni tu kwamba hugeuza mchoro kushoto kulia, na kwamba alama zake nyingi hazifutiki, kwa hiyo mshono lazima uzifunike kabisa.

Wakati wa kudarizi, mikono ioshwe na kukaushwa kila mnapoanza, na fremu ya duara ifunguliwe kila mnapomaliza, hata kama mtarejea baada ya saa moja, kwa kuwa alama ya pete iliyokaa usiku kucha ni ngumu kuondoka. Uzi wa sentimita 45 hivi unatosha. Ulio mrefu zaidi hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, ukachakaa kabla haujashonwa. Anayetumia mkono wa kulia aketi mwanga ukitokea kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaoufuata, na macho yapumzishwe kwa kutazama mbali mara kwa mara.

Kazi ikiisha, alama zitolewe kwanza kwa njia iliyothibitika kwenye kipande cha majaribio, ndipo ifuate sabuni, na pasi iwe ya mwisho kabisa: darizi ikilazwa kifudifudi juu ya taulo nene, mishono ikizama ndani ya taulo badala ya kubanwa bapa.