Faida kupanda si ahadi ya mgao

Wawekezaji wengi katika Soko la Hisa la Nairobi wakisoma kwamba faida ya kampuni imepanda, huanza kuhesabu mgao mnono, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, papo hapo. Hapo ndipo wanapokosea. Mgao kwa kawaida hulipwa kwa pesa taslimu, na faida ya vitabuni si lazima iwe taslimu. Kampuni ikikadiria upya majengo yake ya kupangisha, tuseme kutoka shilingi bilioni 2 hadi 2.5, ile milioni 500 inaweza kuingia kwenye faida ilhali hakuna hata senti iliyofika benki.

Katika hesabu za kampuni, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, ile inayoonyesha pesa zilizoingia na zilizotoka. Chukua pesa zilizotokana na shughuli za biashara, toa zilizonunua mitambo na mali, kisha linganisha na mgao uliolipwa. Zikibaki milioni 300 na mgao ni 400, pengo limezibwa kwa mkopo au akiba. Mwaka mmoja huvumilika. Mitatu mfululizo, mgao uko hatarini. (Benki hazipimwi hivi, kwao tazama mtaji, yaani kinga yao dhidi ya hasara.)

Kumbuka pia kodi: mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya mgao, kwa hiyo shilingi 4 kwa hisa hukufikia 3.80.