Reli ya Uhuru haikujengwa na Wachina peke yao

Ukiwa stesheni ya Mbeya ya Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, utasikia: "Hii reli walijenga Wachina." Wengi tumekua na maneno hayo, na yana msingi. China ilitoa mkopo usio na riba, mitambo, na maelfu ya wahandisi na mafundi. Lakini kando yao walikuwepo Watanzania na Wazambia makumi ya maelfu, wengi kuliko Wachina, tangu ujenzi ulipoanza 1970 hadi reli ilipokabidhiwa 1976.

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero. Huko ndiko yaliko mahandaki mengi. Vijana walitoboa miamba, wakabeba zege, wakalaza mataruma. Lugha ilikuwa kikwazo, hivyo fundi alionyesha kwa mikono na kijana akarudia mpaka akaiweza. Baadhi yao walibaki kuitumikia reli hiyo miaka mingi. Inaniuma wazee hawa wakiachwa nje ya hadithi ya kazi yao wenyewe.

Kuhakikisha hakuhitaji usomi. Tafuta picha za miaka ile, utazame nyuso zilizomo, ila kumbuka mpiga picha huchagua wa kumpiga. Kisha mwamkie mzee aliyekuwepo, umwulize alikaa kambi gani, alifanya kazi ipi, alilipwaje. Waulize wawili watatu, ulinganishe majibu. Huenda mmoja akaingia ndani, akakutolea kitambulisho cha kazi alichokifunga kwenye nailoni.