Mgonjwa wa akili anajua anachosema: maswali na majibu

Watafiti kushirikiana na waliougua maana yake nini?
Mtu anayeishi na ugonjwa wa akili anakaa na watafiti tangu swali la utafiti linapotungwa hadi matokeo yanapotolewa, na analipwa kwa kazi hiyo. Kujaza dodoso na kurudishwa nyumbani si ushirikiano.

Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo, atajua nini kuhusu utafiti?
Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu unyanyapaa. Waliiongoza Graham Thornicroft wa Uingereza na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia. Tume ilieleza kuwa kinachopunguza unyanyapaa zaidi ni watu kukutana na waliopitia ugonjwa wenyewe.

Sisi wenye mgonjwa nyumbani hilo linatuhusu vipi?
Linawahusu sana. Kliniki naona jambo lile lile: ndugu anajibu kila swali, mgonjwa yuko kimya pembeni. Nikimgeukia mwenyewe, naambiwa, "Sista, huyo hajui anachosema."

Anajua. Anasema miguu haitulii, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, anasinzia mchana kutwa. Hayo ni madhara yanayofahamika ya dawa za ugonjwa huu kama haloperidoli, na yanarekebishika: tunapunguza dozi, tunabadilisha dawa, au tunaongeza ya kutuliza madhara hayo. Asiposikilizwa anaacha dawa kimya kimya, ugonjwa unarudi, kisha analetwa amefungwa kamba. Mnauliza kwa nini hakusema. Alisema!

Lakini si anasikia sauti zisizokuwepo?
Anaweza kuamini jirani anamwekea sumu, na bado akawa sahihi kabisa kwamba shingo yake imekaza. Msikilizeni.

Tusubiri kwanza atulie?
Msisubiri. Taya au shingo ikikaza, akishindwa kumeza, akipata homa kali na mwili kuwa mgumu, au akisema anataka kufa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Maombi hayakatazwi, ila msingoje mkesha uishe. Na akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata njiani.

Akiitwa kwenye utafiti tuulize nini?
Ulizeni kama kuna waliougua walioshiriki kuupanga. Ulizeni kama anaweza kujitoa bila kunyimwa matibabu. Na pale anapoweza kuamua, ridhaa aitoe yeye. Sahihi ya kaka yake haitoshi.