Kwenda saa kumi na tano, kurudi kumi na nne

Mzee mmoja wa Kibokoni aliingia ofisini kwangu wiki jana, akaegemeza bakora ukutani na kuuliza kabla hajakaa: "Mwanangu, kwenda saa kumi na tano, kurudi kumi na nne. Ndege ikirudi huwa imeshajua njia ya mkato?"

Anakwenda kwa bintiye New York. Nimekata tiketi hapa Mombasa miaka mingi, na swali hili sijawahi kuulizwa kwa utamu huo.

Kwanza umbali. Kutoka Nairobi, ambako ndege ya moja kwa moja ilianza kuruka Oktoba 2018, hadi JFK, uwanja wa ndege wa New York, ni kilomita 11,800 na ushei. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itakutoa baharini pwani ya Mauritania. Nilichukua chungwa, nikakaza uzi juu ya ganda: uzi ukapanda kupitia Sahara, na nusu ya safari ikaangukia Morocco. Dunia ni mviringo, na njia fupi ndiyo hiyo.

Kinachobadilika ni upepo. Baba wa huyu mzee alikuwa nahodha, kwa hiyo sikuhangaika kumweleza. Kusi na kaskazi hupokezana, lakini huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, ukishafika upande wa Ulaya na Marekani upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na majira yao ya baridi ndipo hupamba moto. Kwenda ni upepo wa omo, unaokupinga kwa mbele; kurudi ni wa tezi, unaokusukuma kwa nyuma. Injini ni zile zile.

"Basi saa moja yote ni ya upepo," akasema. Karibu yote.

Kisha akaitazama tiketi: kuondoka 23:30, kufika 06:30. "Hizi si saa saba?" Ni kumi na tano, mzee wangu. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Wakati wa joto, saba.

Lakini kinachowaangusha watu hasa ni ndege ya saa sita usiku na kitu. Tiketi ikisema Ijumaa 00:30, kijana atakuja uwanjani Ijumaa usiku, na ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Wazee wa pwani hawakosei, maana kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimwambia mteja "Ijumaa usiku" nikimaanisha hivyo. Yeye alikuwa mtu wa bara. Pesa za kubadilisha tiketi zilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo naandika kwa biro nyuma ya kila tiketi ya aina hiyo: Alhamisi, baada ya isha, uwe uwanjani saa tatu na nusu.