Kiini cha yai hakistahili kutupwa

Wapo watu wengi ambao hadi leo hupasua yai kwa uangalifu, wakabakiza ute na kukitupa kiini, wakiamini kwamba kolesteroli yake, yaani kitu kama mafuta kilicho ndani yake, huenda moja kwa moja kwenye mishipa ya damu. Hofu hiyo ina chanzo: mwaka 1968 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri watu wasile viini zaidi ya vitatu kwa wiki. Ni kweli kwamba yai kubwa lina takriban miligramu 186 za kolesteroli, zote zikiwa kwenye kiini, lakini sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, ambalo kwa watu wengi hupunguza kazi hiyo pale chakula kinapoileta kwa wingi. Kinachopandisha zaidi kolesteroli mbaya, ile inayojikusanya kwenye mishipa, ni mafuta yanayoganda, kama siagi, ambayo katika yai hayafiki gramu 2; kwa hiyo siagi ya kukaangia ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 hadi 2020 uliondoa kikomo cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku. Mwenye kisukari au kolesteroli ya kurithi amsikilize daktari wake. Mwenye afya njema anayekitupa kiini, kwa masikitiko yangu, hutupa pia vitamini A, vitamini D na zaidi ya theluthi ya protini ya yai.