Umeuza picha, hakimiliki bado ni yako

Mchoraji mmoja wa hapa Arusha alikuja kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria, akaniwekea simu mezani. Kwenye kioo kulikuwa na fulana nyeupe inayouzwa mtandaoni, kifuani tembo watatu na mbuyu ulioinama. "Mbuyu huo ni wangu, wakili. Hata tone la rangi lililonidondokea pale shinani limo." Picha yenyewe alimuuzia mtalii kwa shilingi 80,000, mkononi, bila karatasi.

Mtalii alinunua kanvasi. Aitundike sebuleni, ampe shemeji yake, hiari yake. Kuichapa kwenye fulana ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kurudufu hubaki kwa msanii, na kuihamisha kunataka maandishi yenye saini. "Chukua tu, rafiki" ya Soko la Wamasai haitoshi. Na kwa kuwa Tanzania imo tangu 1994 katika Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama hulindiana kazi za wasanii wao, fulana ikichapwa Ujerumani, sheria ya huko nayo inamlinda. Kumdai mtu aliye Hamburg ukiwa Ngarenaro ni kazi, sikatai.

Wapo pia wanaokuja kushtaki kwamba jirani wa kibanda cha pili "kaiba staili". Hao huwa nawarudisha nyumbani. Sheria hailindi wazo wala mtindo, inalinda picha uliyoichora wewe. Michoro ya mtindo wa Tingatinga inachorwa kila soko la watalii, na hakuna kosa. Hata kazi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, muda wake umekwisha, maana ulinzi ni maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake.

Usajili COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, sio unaokupa haki. Haki inazaliwa na kazi yenyewe. Lakini sajili, kwa sababu ugomvi mwingi huishia kwenye swali moja: nani alianza?

Mchoraji wetu hakuwa amesajili. Bahati yake, alikuwa amemtumia dada yake WhatsApp picha ya kanvasi ikiwa mbichi, tembo wawili tu, tarehe inaonekana. Tuliichapa, tukaiambatanisha na barua ya madai, tone la shinani tumelizungushia wino mwekundu.